Kabla ya kuuza parsele: simenti ya mfupa inamsaidia nani mwenye mgongo uliovunjika?

Familia nyingi za Bukavu, Goma, Uvira na Butembo zinaijua hali hii. Mama wa miaka 70 anainama kuinua bidoni ya maji, anasikia kitu kimekatika mgongoni, na tangu siku hiyo hawezi kugeuka kitandani bila kulia. Wiki chache baadaye jamaa aliye Ulaya au Kampala anapiga simu: kuna madaktari wanaoingiza simenti ndani ya mfupa, na mgonjwa anasimama siku ileile. Hapo hesabu ya pesa inaanza. Nani atachanga, nani atakopa, parsele gani iuzwe?

Habari hiyo si uongo. Simenti ya mfupa ipo, inatumika hospitalini katika nchi nyingi, na kuna wagonjwa iliyowaondolea maumivu makali. Lakini utafiti wa karibu miaka 40 unaonyesha kwamba haiwafai wote. Isitoshe, haitibu ugonjwa uliofanya mfupa uvunjike. Na kwa mgonjwa ambaye mgongo wake umeliwa na kifua kikuu, kumwingizia simenti bila kupima kwanza ni hatari.

Ndiyo maana familia inapaswa kujua mambo machache kabla ya kutoa dola ya kwanza.

Mfupa unaovunjika bila ajali

Mfupa ni kitu chenye uhai. Kila siku mwili unabomoa sehemu ndogo ya mfupa wa zamani na kujenga mpya mahali pake. Hadi karibu miaka 30, ujenzi unashinda ubomoaji. Baadaye mambo yanageuka pole pole. Kwa wamama, upungufu unaongeza mwendo pale hedhi inapokoma, kwa sababu homoni iliyokuwa inailinda mifupa imepungua. Ndani ya mfupa matundu yanakuwa makubwa na kuta zake zinakuwa nyembamba, kama sponji iliyochakaa. Ugonjwa huo unaitwa osteoporosi. Wababa nao wanaupata, ila kwa kawaida umri ukiwa umesonga zaidi.

Osteoporosi yenyewe haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka 10 bila kujua, mpaka siku mfupa unapovunjika kwa jambo dogo: kuteleza bafuni, kukohoa kwa nguvu, kuinua mtoto, kurukaruka ndani ya gari kwenye barabara yenye mashimo.

Mahali panapovunjika mara nyingi ni kwenye pingili za uti wa mgongo, hasa katikati ya mgongo na pale mgongo wa juu unapokutana na kiuno. Pingili haikatiki vipande viwili kama fimbo. Inabonyea, kama kopo lililokanyagwa. Upande wake wa mbele unakuwa mfupi kuliko wa nyuma, na mtu anaanza kuinama mbele. Pingili kadhaa zikibonyea, kimo kinapungua, kifua kinabanwa, tumbo linasukumwa mbele, na hata kupumua na kula vinakuwa kazi.

Wataalamu wanakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya mivunjiko hii haitambuliwi. Mgonjwa anaambiwa ni uzee, ni uchovu wa shamba, ni figo, au ni kitu alichotupiwa na jirani. Anapakwa dawa, anakandwa, anachanjwa, na mwaka mwingine pingili ya pili inabonyea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kati ya wamama 5 waliovunjika pingili, karibu 1 alivunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja uliofuata.

Simenti inaingiaje?

Jina linawachanganya watu, lakini simenti hii si ile ya kujengea nyumba. Ni aina ya plastiki ngumu inayoitwa polimetili metakrilati. Inakuja hospitalini kwa sehemu mbili, unga na maji yenye harufu kali. Zikichanganywa zinakuwa uji mzito kama dawa ya meno, kisha ndani ya dakika chache uji unapata joto na kuwa mgumu kama jiwe. Daktari Mwingereza John Charnley alianza kuitumia kushikilia nyonga za bandia mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa mgongo, mgonjwa analazwa kifudifudi. Anadungwa sindano ya ganzi na dawa ya kumtuliza; mara nyingi halazimiki kulala usingizi kabisa. Daktari anapitisha sindano nene kwenye ngozi ya mgongo hadi ndani ya pingili iliyobonyea, huku akitazama kwenye skrini ya mashine ya radio inayoonyesha mfupa wakati uleule. Halafu anasukuma mililita chache za simenti, pole pole, akiangalia isitoke nje ya mfupa. Kazi hiyo inaitwa vetebroplasti. Kwa pingili moja inachukua kama saa moja, na wagonjwa wengi wanarudi nyumbani siku hiyo au kesho yake.

Kuna aina ya pili, kifoplasti. Hapo daktari kwanza anaingiza puto dogo ndani ya pingili, analijaza ili kuinua mfupa ulioanguka, analitoa, kisha anajaza simenti kwenye nafasi iliyobaki. Ilibuniwa na daktari wa mifupa wa California, Mark Reiley, na ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1998. Bei yake ni kubwa zaidi.

Hatari zipo. Inayojulikana zaidi ni simenti kuvuja nje ya pingili. Mara nyingi haileti shida yoyote. Lakini ikivuja nyuma, inaweza kubana mishipa ya fahamu na kulemaza miguu. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, inaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu. Ajali hizo mbaya ni chache, na zinazuiliwa na mambo mawili: mashine nzuri ya kuonyesha mfupa na mkono wenye mazoea. Hospitali nyingi za mashariki mwa Congo hazina vyote viwili pamoja, na hilo ndilo linalowapeleka wagonjwa mbali.

Kutoka Amiens hadi majaribio ya 2009

Matibabu haya yalizaliwa Ufaransa. Mwaka 1984, kwenye hospitali ya chuo kikuu ya Amiens, madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond waliingiza simenti kwenye pingili ya shingo ya mwanamke mmoja. Hakuwa na osteoporosi. Mfupa wake ulikuwa umeliwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Maumivu yalipungua. Walichapisha kazi yao mwaka 1987, na wengine wakaanza kujaribu njia hiyo kwa wazee wenye mifupa dhaifu.

Kwa miaka 20 hivi, habari zilikuwa nzuri tu. Wagonjwa walikuwa wakiingia wakilia na kutoka wakitembea. Nani angehitaji ushahidi zaidi?

Lakini kulikuwa na swali. Mvunjiko wa pingili, hata bila operesheni, kwa kawaida unapoa wenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Na mtu aliyetendewa jambo kubwa na daktari anayemwamini, mara nyingi anajisikia afadhali hata kama kitendo chenyewe hakikubadili kitu. Je, maumivu yanaondolewa na simenti, na muda, au na imani?

Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha majaribio mawili yaliyotafuta jibu. Moja lilifanyika Australia na wagonjwa 78, likiongozwa na Rachelle Buchbinder. Jingine, la wagonjwa 131, liliongozwa na David Kallmes wa Marekani. Wagonjwa waligawanywa kwa kura. Nusu walipata simenti. Nusu nyingine walilazwa kwenye chumba kilekile, wakachomwa ganzi, mgongo ukaguswa na kubonyezwa, lakini simenti haikuingizwa. Kwenye jaribio la Kallmes hata chupa ya simenti ilifunguliwa ili harufu isikike. Mgonjwa hakujua yuko upande gani.

Matokeo yaliwashtua wengi. Pande zote mbili zilipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana.

Mabishano hayakuisha hapo. Mwaka 2010, jaribio la VERTOS II la Uholanzi na Ubelgiji, lenye wagonjwa 202, lilionyesha kwamba waliopewa simenti walipona maumivu haraka kuliko waliotumia dawa tu. Ila safari hii kila mgonjwa alijua alichopewa. Mwaka 2016, jaribio la VAPOUR la Australia liliwachukua watu 120 ambao mvunjiko wao haukuzidi wiki 6 na maumivu yao yalikuwa makali sana. Baada ya siku 14, asilimia 44 ya waliopata simenti walikuwa na maumivu madogo tu, dhidi ya asilimia 21 ya waliofanyiwa operesheni ya uongo. Kisha mwaka 2018 jaribio la VERTOS IV la Uholanzi, lenye watu 180, halikuona tena tofauti ya maana.

Mwaka huohuo wa 2018, shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za dunia nzima, lilihitimisha kwamba ushahidi hauungi mkono kuifanya vetebroplasti kuwa matibabu ya kawaida kwa mivunjiko ya osteoporosi.

Basi nani anaweza kufaidika?

Madaktari wengi leo wanashika njia ya katikati. Mgonjwa wa kwanza kufikiriwa si kila mzee mwenye mgongo unaouma. Ni yule ambaye mvunjiko wake ni wa wiki chache, maumivu yake ni makali kiasi cha kumfunga kitandani, na dawa zimejaribiwa vizuri bila kumsaidia. Lazima pia picha zithibitishe kwamba pingili inayouma ndiyo iliyovunjika, na kwamba mvunjiko bado ni mbichi. Hilo linaonekana vizuri kwa IRM. Picha ya radio ya kawaida inaweza kuonyesha pingili iliyobonyea, lakini haisemi kirahisi kama ilibonyea mwezi uliopita au miaka mitano iliyopita. Simenti inatumika pia kwa watu ambao pingili zao zimeliwa na kansa, na hiyo ni hesabu nyingine.

Mama aliyevunjika mwaka jana, ambaye sasa anaumwa kidogo na ameinama, hataninyooshwa na simenti. Kumpeleka nje ya nchi kwa sababu hiyo ni kutupa pesa.

Na hapa safari yenyewe ina hesabu yake. Mpaka familia ikusanye pesa, ipate karatasi za kuvuka mpaka na kufika, miezi miwili inaweza kuwa imepita. Katika muda huo wagonjwa wengi wanakuwa wameanza kupona wenyewe, mradi wametulizwa maumivu vizuri na hawakuachwa kulala tu. Kulala kitandani wiki nyingi kunaidhoofisha mifupa zaidi na kuleta vidonda na damu kuganda kwenye miguu. Mgonjwa apewe dawa ya maumivu kwa saa zake, asaidiwe kukaa, kusimama na kupiga hatua chache kila siku. Paracetamol ndiyo ya kuanzia. Ibuprofen na diclofenac zinahitaji ushauri wa daktari, kwa sababu zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo za wazee.

Si kila mgongo uliopinda ni uzee

Kwa wasomaji wa mashariki mwa Congo, hili ndilo jambo la kushika kuliko yote. Congo iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake. Kinashuka kwenye uti wa mgongo na kula pingili mpaka zianguke. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa macho, mgongo wa Pott na mgongo wa osteoporosi vinaweza kufanana. Lakini kuna dalili zinazovitenganisha. Kifua kikuu kinakuja pole pole, kwa wiki na miezi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Kinawapata vijana na watoto pia. Kwenye picha, mara nyingi kinakula pingili mbili zilizo jirani pamoja na gegedu iliyo katikati yao, wakati osteoporosi kwa kawaida inabonyeza pingili na kuacha gegedu nzima.

Mahali penye maambukizi, simenti ni marufuku. Kifua kikuu cha mgongo kinatibiwa kwa vidonge vya miezi mingi, na dawa hizo nchini Congo zinatolewa bure kupitia mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huo. Familia inaweza kuuza parsele kwa ajili ya operesheni wakati tiba ya kweli iko kwenye kituo cha afya cha karibu.

Dalili hizi hazingoji: miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujua, homa, kukonda bila sababu, au maumivu makali ya mgongo kwa mtu aliyewahi kuwa na kansa. Mwenye moja ya hizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Vidonge vya kunenepa na mifupa ya vijana

Osteoporosi haisababishwi na umri tu. Kati ya dawa zote, zinazoharibu mifupa zaidi ni zile za jamii ya kotizoni, kama prednisolone na dexamethasone. Ni dawa nzuri pale daktari anapoziandika kwa ugonjwa halisi. Lakini katika miji yetu zinanunuliwa pia kwenye farmasia bila ordonansi, ili kuongeza hamu ya kula na kunenepesha mwili. Anayezimeza kila siku kwa miezi 3 au zaidi anaanza kupoteza mfupa, hata akiwa na miaka 30, na pingili za mgongo ndizo zinazoumia mapema.

Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza kotizoni yake na anaweza kuzimia. Amwone daktari ampunguzie kidogo kidogo.

Kile ambacho simenti haifanyi

Hata pale simenti inapofanikiwa, imeshikilia pingili moja. Nyingine zote bado ni dhaifu. Kumwekea mama simenti na kumrudisha nyumbani bila dawa ya mifupa ni kama kuziba tundu moja la paa lililooza.

Dawa ya mifupa ipo, na si lazima iwe ya bei ya juu. Alendronate, miligramu 70, inamezwa mara moja kwa wiki. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1996 kwa wamama waliokwisha kuvunjika pingili, ilipunguza mivunjiko mipya ya pingili karibu kwa nusu. Inamezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na mtu anakaa wima au kusimama kwa nusu saa, la sivyo inachoma koo. Haiwafai wenye figo zilizochoka sana. Dawa nyingine, asidi ya zoledroniki, inaingizwa kwenye mshipa mara moja kwa mwaka. Zote mbili zinahitaji daktari.

Chakula nacho kina kazi. Sambaza za Ziwa Kivu na ndagala za Tanganyika zinaliwa na mifupa yake, na ndani ya mifupa hiyo mna kalsiamu. Sombe inayo pia, na maziwa ya Masisi vilevile. Jua la asubuhi kwenye mikono na miguu linausaidia mwili kutengeneza vitamini D. Mzee anayefungiwa chumbani mwaka mzima analikosa. Tumbaku na pombe nyingi vinakula mfupa.

Kuhusu mizigo, kazi ya mwili katika ujana inaimarisha mifupa. Lakini kwa mama ambaye pingili yake moja imevunjika, gunia la makala lililofungwa kwa kamba kwenye paji la uso si kazi tena, ni hatari. Bidoni ya lita 20 ibebwe na wajukuu. Na nyumbani, taa ya usiku, sakafu isiyo na utelezi na viatu vinavyoshika mguu vinaweza kuzuia mvunjiko wa nyonga, ambao ni mbaya kuliko wa mgongo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Daktari akipendekeza simenti, familia ina haki ya kuuliza, kwa heshima na bila woga. Mvunjiko una wiki ngapi, na ni picha gani inayoonyesha hivyo? Kifua kikuu na kansa vimepimwa na kuondolewa? Dawa za maumivu zimejaribiwa kwa kipimo kamili na kwa siku za kutosha? Daktari huyu amefanya operesheni hii mara ngapi, na simenti ikivuja atafanya nini? Baada ya hapo, mgonjwa atapewa dawa gani ya mifupa na kwa miaka mingapi?

Daktari mwenye majibu hataudhika. Asiye nayo amesaidia pia, kwa sababu familia itajua kwamba pesa zake bado ziko salama.

Na kwa wale ambao hawajavunjika, kuna kipimo kisicho na gharama. Mama aliyepita miaka 60 asimame bila viatu, mgongo ukutani, apimwe kimo chake na kulinganishwa na kile kilichoandikwa kwenye karatasi zake za zamani. Kama amepungua sentimita 4 au zaidi, au kichwa chake hakigusi tena ukuta anaposimama wima, aende kupigwa picha ya radio ya mgongo hata kama haumwi. Picha hiyo inapatikana kwenye hospitali nyingi za miji yetu, na bei yake haihitaji mtu kuuza chochote.